Ontolojia: Lugha ya Pamoja ya Mitambo ya Majengo

Mvuvi wa Kigombe, wilayani Muheza mkoani Tanga, akiambiwa kuwa kusi imeanza kuvuma haulizi maana yake, kwani neno hilo linaeleweka pwani nzima. Mitambo inayoendesha majengo ya kisasa bila kuguswa na mtu haina maelewano hayo, isipokuwa mbunifu wake ameyaweka.

Tuseme kijiji hicho kimejengewa chumba cha ubaridi cha kuhifadhia samaki. Fundi mmoja amekiita kihisi joto "T1", mwingine amekiita cha pili "J07". Programu inayopokea vipimo haijui kipi kinapima hewa ya chumba na kipi kinapima joto la kompresa. Samaki waliogandishwa huhifadhiwa katika nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Vihisi vikichanganywa, king'ora kinaweza kukaa kimya huku jasho la mvuvi likioza.

Mwaka 1995 chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani kilitoa kiwango cha BACnet, kinachowezesha vifaa vya watengenezaji tofauti kuwasiliana. Hata hivyo, kupokea tarakimu si kujua maana yake. Pengo hilo ndilo linalozibwa na ontolojia, yaani mpangilio rasmi wa istilahi za vitu na uhusiano wake. Miongoni mwake ni Brick, iliyotangazwa na watafiti mwaka 2016 na inayopatikana bila malipo.

Kwa kutumia ontolojia, mbunifu huandika kauli ambazo kompyuta inazielewa: kihisi hiki kinapima joto la hewa, hewa hiyo ni ya chumba hiki, chumba hiki kinapozwa na mtambo ule. Kabla waya haujalazwa, kompyuta inaweza kubaini chumba kisicho na kihisi au kihisi kisichounganishwa na king'ora. Aidha, programu iliyoandikwa kwa jengo moja inaweza kutumika katika jengo jingine bila kuandikwa upya.

Ontolojia haichukui nafasi ya umeme wa uhakika wala matengenezo, na kauli zake hazina budi kurekebishwa kila kifaa kinapobadilishwa. Kwa sababu hiyo, taasisi inayojenga inafaa kudai katika mkataba kwamba maelezo hayo yakabidhiwe pamoja na michoro ya jengo, ili fundi wa kwanza akiondoka, anayemfuata asilazimike kubahatisha maana ya "T1".