Unatengeneza programu ya wavuvi? Nenda dikoni kwanza

Tuseme umepewa kazi ya kutengeneza programu ya simu ya kuandika samaki wanaovuliwa Kilwa. Usikimbilie kompyuta. Fanya haya manne kwanza:

1. Uliza kuhusu kazi. Ukisema "mnataka programu iweje?" utajibiwa "iwe nzuri tu". Uliza: "Jana mlivua nini, na nani aliandika?"

2. Nenda ukaone. Songosongo, ambako miamba hufungwa kwa muda ili pweza wakue, fika siku za bamvua maji yakipwa. Utakuta wanawake wanachokoa pweza kwa miguu. Kumbe hawana chombo! Programu ikilazimisha namba ya chombo, pweza wao hawataingia kwenye takwimu, na mwamba ukijadiliwa watasahaulika.

3. Chora kwenye karatasi. Mpe anayeandika mavuno abonyeze kwa kidole. Kufuta mchoro ni rahisi kuliko kubomoa programu iliyokwisha.

4. Tenga ya lazima na ya kusubiri. Wavuvi wanaopiga dago visiwani wanahitaji programu isiyotegemea mtandao. Rangi zitasubiri.

Mwisho, wasomee ulichoandika. Wakikwambia "sivyo", shukuru: bado ni karatasi tu.