Madoa Meupe Ubongoni na Presha Isiyopimwa

Mzee akianza kuburuta miguu anapopanda kivuko cha Msangamkuu, au bibi wa Mikindani akisahau aliyoambiwa asubuhi, watu husema ni umri. Mara nyingi umri unasingiziwa. Presha iliyokaa juu kwa miaka hunenepesha kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni, na njia ya damu hubana. Inayoumia mapema ni sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi za neva zinazounganisha eneo moja na jingine. Iko ndani kabisa, mwisho wa mishipa hiyo; damu ikipungua, haina pa kukopa.

Kwenye MRI kuna namna ya kupiga picha inayoyafanya maji ya katikati ya ubongo yawe meusi, ili majeraha yabaki yaking'aa kama madoa meupe. Daktari hukagua kandokando ya vyumba vya maji hayo, kisha ndani zaidi, na kutoa alama kwa kipimo cha Fazekas cha mwaka 1987. Sehemu ya ndani ikipewa 0, hakuna doa. 1, vidoa vimetawanyika. 2, vimeanza kuungana. 3, vimeshikana na kutapakaa. Alama 1 kwa mtu wa miaka 70 hainitishi. Alama 3 ni onyo la kiharusi na la akili kufifia.

Siandiki haya ili mtu wa Msimbati auze korosho zake zote afuate MRI. Picha huonyesha hasara iliyokwisha kutokea. Presha hupimwa kwa dakika chache, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu.

Kuitibu kunasaidia. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya takriban miaka minne: kwa waliolengwa kushushwa namba ya juu ya presha chini ya 120, madoa yaliongezeka kwa sentimita za ujazo 0.92, kwa waliolengwa chini ya 140, kwa 1.45. Hayakufutika, ila kasi ilipungua. Kiwango kinachokufaa atakupangia daktari wako.

Basi ndugu zangu wa pwani, punguzeni ng'onda na chumvi ya mezani, acheni sigara, na mkienda zahanati kwa shida yoyote ombeni kupimwa presha. Uliyeandikiwa dawa, usiziache eti kwa kuwa kichwa hakikuumi.