Mazutu ni ile ile, lakini petroli si moja

Ndugu wanamemba, mashini ya kusaga muhindi, motopompe ya kumwangilia mashamba, pikipiki ya kubeba mavuno: vyote vinakunywa mafuta, lakini si ya namna moja. Na majina ya mafuta yanaweza kudanganya mtu. Kosa la jina moja tu linaweza kuua motere ao kuunguza nyumba.

Tuanze na jina lisilo na matata: mazutu. Limetoka mbali. Kwa Warusi, mazut ni mafuta mazito meusi yanayobaki kiisha kutoa petroli ya taa. Neno likaingia katika Kifaransa, na Wabeleji mpaka leo wanaita vile dizeli. Waturuki wanasema mazot. Syria na Lebanon wanasema mazut. Jirani zetu wa Rwanda wanasema mazutu kama sisi. Basi ukiomba mazutu Bukavu, Uvira ao Kigali, utapewa kitu kile kile.

Petroli ndiyo yenye mutego. Kwetu Kongo, sawa na kwa Kifaransa, petroli ni ya taa. Rwanda pia, peteroli ni ya taa, na esansi inaitwa lisansi. Lakini Tanzania, Kenya na Uganda, petroli ndiyo esansi ya pikipiki na motokari! Ile ya taa, Watanzania na Wakenya wanaiita mafuta ya taa. Na mashini nyingi zinatufikia kupitia Dar es Salaam na Mombasa, zikiwa na maandishi ya Kiingereza.

Hatari iko wapi? Esansi inatoa mvuke unaoshika moto hata wakati wa baridi. Petroli ya taa inahitaji joto la karibu 38°C mbele mvuke wake ushike moto. Ndiyo maana hata esansi kidogo iliyochanganywa ndani ya taa inaweza kulipuka.

Kwa motere pia kuko hasara. Mazutu inalainisha pompe na enjekteri. Esansi hailainishi, na vyuma vinakulana. Ukitia mazutu ndani ya motere ya esansi, itatoa moshi na kuzimika.

Someni hivi maandishi ya kwenye mashini:

– PETROL, GASOLINE, ESSENCE: ni esansi.
– DIESEL, GASOIL, GAZOLE: ni mazutu.
– KEROSENE, PARAFFIN, PÉTROLE: ni petroli ya taa.

Angalieni sana GASOLINE na GASOIL. Yanafanana kwa macho, lakini la kwanza ni esansi na la pili ni mazutu.

Mambo ya kufanya katika koperative:

1. Kila mafuta yawe na bidoni yake, jina limeandikwa juu kwa rangi isiyofutika. Musibadilishane bidoni.
2. Kwenye tangi ya kila mashini, andikeni MAZUTU ao ESANSI.
3. Mukinunua kwa kadhafi kando ya barabara, musiseme «petroli» peke yake. Semeni kazi yake: ya taa, ya pikipiki, ao ya mashini.
4. Kama mafuta mabaya yameisha kuingia, musiwashe motere. Mwangeni yote nje ndani ya bidoni, mbali na moto na sigara, kiisha muite fundi.

Mwenye kutunza depo asomee wenzake ukurasa huu katika mkutano ujao, mbele ya kununua bidoni nyingine.