Rafiki amefiwa na haongei Kiswahili? Usimtupie 'sorry' tu

Tuseme ni saa tano usiku. Simu inalia. Ni yule rafiki yako wa Uhispania mliyejuana mtandaoni: "Mi padre ha muerto." Babake ameaga dunia. Unaandika, unafuta, unaandika tena. Mwishowe unatuma emoji ya uso unaolia, kisha unanyamaza wiki nzima kwa aibu.

Usijilaumu sana. Kiswahili kimetudekeza. "Pole" moja humtosha mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa na hata anayetoka kazini. Kiingereza na Kihispania havina neno kama hilo. Huko, kila hali ina maneno yake.

Tuanze na Kiingereza. "Sorry" ina kazi mbili: kuomba msamaha na kutoa pole. Ndiyo maana ukimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", huenda akakushangaa: kwani wewe ndiye uliyemwangusha? Kwa aliyejikwaa, muulize "Are you okay?" na yatosha.

Kwa mfiwa, "sorry" tupu ni nyepesi mno. Sema "I'm so sorry for your loss", yaani nasikitika sana kwamba umeondokewa. Kama unamwandikia bosi au mwalimu, "Please accept my condolences" ina heshima zaidi. Lakini usimwambie hivyo beshte aliyefeli mtihani au aliyeachwa na mpenzi! Huyo mwambie "I'm sorry to hear that", au "That must be really hard", yaani lazima hilo ni gumu kwako.

Kuna maneno mawili ya kuchunga. La kwanza ni "I know how you feel". Hata kama nawe ulifiwa, hujui uchungu wake, na ukisema hivyo mazungumzo yanageuka kuwa yako. La pili ni "At least", yaani angalau. "Angalau aliishi miaka mingi." Mazee, mfiwa hajaomba hesabu ya miaka.

Sasa Kihispania. Neno la kila siku ni "Lo siento", na maana yake hasa ni "nalihisi". Ongeza "mucho" liwe zito: "Lo siento mucho." Kwa msiba wapo pia wanaosema "Te acompaño en el sentimiento", yaani niko pamoja nawe katika hisia hizi. Haliko mbali na sisi tunavyokwenda kuketi na wafiwa matangani, hata bila kusema mengi.

Rambirambi rasmi ni "Mi más sentido pésame". Neno "pésame" limetokana na "me pesa", yaani jambo hili lanilemea. Ni kama kumwambia mfiwa kwamba mzigo wake umekufikia nawe pia.

Kumbuka heshima. Rafiki wa rika lako mwambie "te acompaño". Mamake au mtu mzima usiyemzoea mwambie "le acompaño". Herufi moja tu, lakini mzee ataiona.

Kuna mtego pia. Neno "simpatía" linafanana na lile la Kiingereza "sympathy", lakini kwa Kihispania ni ucheshi na uchangamfu wa mtu. Usimtumie mfiwa "mi simpatía". Na "¡Qué pena!", ambayo kwa Mhispania ni "inasikitisha", nchini Colombia husemwa sana mtu anapoona haya au anapoomba radhi. Kwa msiba, baki na "Lo siento mucho".

Je, kama hajafiwa bali amelemewa na maisha? Mwambie "Te entiendo", nakuelewa. Mgonjwa mtakie nafuu kwa "Que te mejores". Kwa Kiingereza ni "Get well soon". Halafu kuna "Cuenta conmigo", yaani nitegemee. Hilo usiliseme kama huna nia, kwa sababu anaweza kukupigia kweli.

Sasa rudi kwa yule rafiki wa saa tano usiku. Hahitaji insha. Mwandikie: "Lo siento mucho. Te acompaño en el sentimiento." Ukikosea tahajia atakusamehe. Kimya chako ndicho kitakachomuuma. Na baada ya wiki mbili, wengine wakishasahau, mwandikie tena: "¿Cómo estás?" Uko aje?