Urithi na Duka katika Burudani za Porini Marekani

Kupiga kambi, kukwea miamba, kuvua samaki na kuteleza kwenye theluji ni biashara kubwa Marekani. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 2023 burudani za nje zilichangia dola bilioni 639.5, asilimia 2.3 ya pato la taifa. Sehemu kubwa ya misitu na milima inayotembelewa ni mali ya umma, na kiingilio chake si kikubwa. Gharama ziko kwenye kufika huko: gari, likizo, mavazi, vifaa, pa kulala, na ujuzi wa kuvitumia.

Mwanzo wa biashara hiyo ulikuwa wa kubana matumizi. Mwaka 1938 wapanda milima wa Seattle, wakiongozwa na Lloyd na Mary Anderson, waliunda ushirika wa REI ili waagize vifaa bora kwa bei wanayoimudu. Mwaka 1957 kijana Yvon Chouinard alijifunza uhunzi, akafua vyuma vya kupigilia katika nyufa za miamba na kuviuza garini mwake kwa dola moja na nusu kimoja. Mwaka 1973 alianzisha kampuni ya mavazi ya Patagonia. Tangu hapo koti la mlimani limeshuka mjini na kuwa vazi la hadhi, hata kwa wasiopanda mlima wowote. Mwaka 2011 Patagonia yenyewe ilitangaza katika gazeti la New York Times ikiwasihi watu wasinunue koti lake. Mauzo yake yakazidi kupanda.

Michezo ya theluji imepanda bei sana. Vail, huko Colorado, ilipofunguliwa mwaka 1962, tiketi ya siku ilikuwa dola 5. Leo, siku za msimu wenye wageni wengi, inazidi dola 300. Mwenye fedha za kulipia msimu mzima mapema hupata nafuu kubwa. Asiye nazo ndiye anayelipa bei kamili.

Hapo ndipo urithi unapoingia. Mtoto ambaye babu yake alijenga nyumba kando ya ziwa halipii malazi. Buti anaachiwa na kaka yake, na namna ya kuwasha moto anafundishwa na shangazi. Anayeanza mikono mitupu huambiwa na matangazo kwamba yote hayo yanapatikana dukani. Kwa hiyo mwenye kidogo ndiye anayetakiwa kununua zaidi, na huo ni udhalimu hata kama hakuna aliyeupanga.

Mahali pengine udhalimu ulipangwa. Mwaka 1912 Willa na Charles Bruce, mume na mke Weusi, walinunua kiwanja ufukweni Manhattan Beach, California. Kwa kuwa Weusi walifukuzwa karibu kila ufukwe, waliwafungulia mahali pa kuogelea, kula na kucheza dansi. Mwaka 1924 halmashauri ya mji ilianza kuwanyang'anya akina Bruce ardhi yao kwa kisingizio cha kujenga bustani ya umma. Walilipwa dola 14,500, majengo yakabomolewa, na ardhi ikakaa miaka mingi bila kuendelezwa. Kaunti ya Los Angeles iliirudisha kwa wazao wao mwaka 2022. Mwaka uliofuata wazao hao waliiuzia kaunti ardhi hiyo kwa takriban dola milioni 20. Fedha hizo hazirudishi karibu karne nzima ya mapato ambayo watoto na wajukuu wangerithi. Pengo la urithi liko nchi nzima: mwaka 2022 familia ya kawaida ya Weupe ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya Weusi dola 44,900.

Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa darasa la nne nchini Marekani huingia hifadhi za taifa bure pamoja na waliomo garini mwao. Ni jambo jema, ila gari lenyewe lazima liwepo. Kuazimana vifaa kunasaidia zaidi. Kwa mfano, mjini Moshi, Tanzania, chini ya Kilimanjaro, KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa mlima huo, huwaazima nguo za baridi bila malipo, nao huzirudisha washukapo ili wengine wazitumie.