Kupima korongo kwa picha za telefone

Wanachama wa Mahagi wanajua: kwenye miteremko ya kushuka Ziwa Albert, mvua moja kubwa inaweza kufungua korongo katikati ya kahawa. Kila mtu anasema limekua. Limekua kiasi gani? Kamati ikienda kuomba mawe na miche, swali la kwanza ni hilo, na kuonyesha kwa mikono haitoshi.

Telefone ya kawaida inaweza kusaidia. Unapiga picha nyingi za korongo, unazituma kwa intaneti, na kompyuta za mbali zinatafuta alama zilezile kwenye picha tofauti mpaka zinajenga umbo lake lote: urefu, upana na kina. Hesabu ile haifanywi na telefone yako.

Zanzibar walifanya kazi ya namna hii kwa ukubwa. Kuanzia 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha droni, na picha zake zikatoa ramani ya Unguja na Pemba. Sisi huku tusikimbilie droni. Tangu Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kitu cha kuruka juu ya kijiji bila ruhusa kitakuletea matatizo. Miguu inatosha.

Tembea ukingoni, picha moja kila hatua. Kila picha ionyeshe tena kama robo tatu ya ile iliyotangulia. Ukiruka, umbo linatoka na matundu. Zunguka tena ukiwa ndani, chini. Majani marefu yakatwe kwanza, juu programu inapima vichwa vya majani, haioni udongo. Upepo ukivuma, ngoja.

Watu wengi wanasahau kipimo. Picha peke yake hazijui kama korongo ni la mita 5 au 50. Laza fito mbili za mita 2 kamili, moja chini na moja ukingoni, zionekane kwenye picha nyingi. Fimbo ikikosea kwa sehemu moja ya kumi, ujazo wa udongo unakosea karibu theluthi nzima!

Picha 100 za megabaiti 3 ni megabaiti 300, basi mtu mmoja azipeleke Bunia kwenye mtandao mzuri. Programu ya WebODM ni ya bure, ila huduma nyingine zinalipisha. Picha zinabeba pia mahali zilipopigwa. Zisionyeshe nyumba wala watu. Na mkimlipa mtu awafanyie, mdai picha zenyewe pamoja na umbo, muweke kwa ushirika. Mvua zikiisha mtapiga tena palepale, na mtazihitaji zile za kwanza ili kuona udongo umetoka upande gani na mawe yapangwe wapi.