Mtaro wa Mvua Huanzia Chooni

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 50 ikinyeshewa milimita 50, kama inavyotokea siku ya masika kali, humwaga lita 2,500 uani. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingezama mchangani. Siku hizi ua umesakafiwa, jirani naye kasakafia, barabara imewekwa lami, na nyumba 1,000 za mtaa mmoja zinamwaga kwa mpigo lita milioni 2.5. Kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam, maji hayo yanakimbilia bonde moja.

Bonde hilo ni la Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopoteza makazi mabondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tangu wakati huo mjadala umekuwa wa saruji: mitaro mipana, makalavati, na daraja jipya la Jangwani chini ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2022. Kazi hizo zinahitajika sana. Mama aliyekesha na wanawe juu ya meza wakati maji yanapanda ukutani hana haja ya kuelezwa umuhimu wa mtaro. Lakini mtaro mpana unaondoa maji tu. Haubadilishi kilichomo ndani yake, na kilichomo ndicho kinachojaza zahanati wiki moja au mbili baadaye.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo chafu kuliko zote. Kwa miezi kadhaa mtaa umekusanya vumbi la breki na matairi, oili ya gereji, mabaki ya sokoni, kinyesi cha mbwa na mbuzi. Mvua inaokota vyote hivyo na kuvisukuma mtoni kwa saa chache. Uchafu unaooza ukishaingia majini, bakteria wanaoula hutumia hewa ya oksijeni iliyomo mle. Ikiisha, samaki hufa, na mto hugeuka mweusi, ukaanza kunuka kama mayai viza. Metali nzito kama risasi na kromi haziozi wala hazipotei. Hukaa kwenye tope, na watafiti wamezikuta kwenye mchicha unaomwagiliwa maji ya Msimbazi.

Yote hayo ni mabaya, ila lililo zito zaidi ni kinyesi cha binadamu. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam hutumia vyoo vya shimo au karo, hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Shimo likijaa linapaswa kunyonywa na gari. Gari halipiti kwenye vichochoro vya Mchikichini au Hananasif, na hata pale linapopita, bei yake haimfai anayeishi kwa kibarua cha siku. Basi watu husubiri mvua kubwa, wakatoboa shimo upande wa mtaro na kulitapisha. Kila mpangaji analijua jambo hili, na maofisa wetu wa afya wanalijua vizuri zaidi.

Mita chache kutoka hapo, mipira ya maji ya nyumba kadhaa imelazwa ndani ya mtaro uleule, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee iliyo wazi kati ya nyumba na nyumba. Maji yanapotoka kwa kasi, msukumo wa ndani huzuia uchafu usiingie. Ikifika zamu ya mgao na maji yakikatika, msukumo hushuka, na mpira wenye ufa au kiungio kilicholegea hufyonza kilichouzunguka. Maji yakirudi, ndoo ya kwanza inaweza kubeba vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo, ingawa yaliondoka mtamboni yakiwa safi kabisa. Na kipindupindu hakiishii mtaa kilikoanzia: kilichozuka Kinondoni Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya Tanzania.

Swali la nani anahusika lina majibu mengi kupita kiasi. Mtaro wa kando ya barabara ya mtaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini ulioanzishwa mwaka 2017. Taka zilizouziba ni kazi ya halmashauri. Bomba la majisafi na la majitaka ni la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Vibali vya kumwaga majitaka mtoni hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, husimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mkazi anapoona kinyesi kinapita mlangoni humwita mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana bajeti ya hata koleo.

Kwa maoni yangu halmashauri ndiyo ishike usukani, kwa sababu ndiyo yenye afisa afya na mtendaji katika kata. Na fedha zake za kwanza zisiende kwenye zege. Ziende kwenye unyonyaji wa vyoo: katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam vikundi vimetumia pampu za mkono na pikipiki za magurudumu matatu kufika lisikofika gari. Kazi hiyo ikipewa ruzuku Januari na Februari, kabla ya masika, mashimo yatakuwa na nafasi mvua ikianza. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuzoa tope mitaroni na kulipeleka mbali. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha ndani. Kuwatoza faini wanaotapisha bila kuwapa njia nyingine wanayoimudu kunawafundisha kufanya hivyo usiku.

Wakati hayo yakisubiriwa, mpira unaopita mtaroni unyanyuliwe na kufungwa ukutani, juu ya alama ya maji ya mafuriko. Maji ya mwanzo baada ya mgao yaachwe yamwagike mpaka yatoke meupe, na hata hayo meupe yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa.